Nani Alilifunga Fumbo Hili?

Gemu za kompyuta ninazozipenda hazina bunduki wala mpira. Ni zile za kuingia katika nyumba usiyoijua, kupekua madroo, kuokota ufunguo uliokatika, kuunga barua iliyochanwa, mpaka mlango wa mwisho ukubali kufunguka. Hapa nitaziita gemu za visa na mafumbo. Hazitaki vidole vyepesi na hazimhimizi mtu. Kompyuta ya miaka kumi nyuma inaziendesha vizuri, na ukishaipakua gemu yenyewe, intaneti huna haja nayo tena. Kwetu Lamu hilo si jambo dogo. Bando likiisha, mtandao ukikatika, hata stima ikienda, maadamu betri ina chaji unaendelea na kisa chako pale ulipokiachia.

Nimezicheza kwa miaka, na kwa vile nazipenda inaniuma kuona nyingi zinavyounganishwa kwa haraka. Hoja yangu ni moja. Kila fumbo ndani ya gemu lina mtu aliyelifunga. Mtu huyo alikuwa na kitu cha kuficha; kuna aliyetaka alifumbue na kuna aliyetaka limshinde. Mtengenezaji akimjua mtu huyo, fumbo linakuwa sehemu ya kisa. Asipomjua, linakuwa gogo lililolazwa njiani, na mchezaji anaihisi tofauti hiyo hata kama hana maneno ya kuieleza.

Tuanze na yanayoudhi. Umeingia katika hospitali iliyohamwa, ndani ya gemu ya kutisha, na mlango wa chumba cha maiti una vigingi vitatu na visahani vilivyopandana, kikubwa chini, kidogo juu. Unatakiwa uvihamishe vyote mpaka kigingi cha tatu, kimoja kimoja, bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Huo ni Mnara wa Hanoi, fumbo alilolitoa mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883. Visahani 3 vinataka hatua 7, visahani 5 vinataka hatua 31. Kila ukiongeza kisahani, hatua za mwanzo zinazidishwa mara mbili na kuongezwa moja. Ni fumbo tamu la hesabu na ninaliheshimu. Lakini pale mlangoni halina kazi. Hakuna daktari ambaye angeufunga mlango wake wa kazi namna hiyo, na hakuna mwizi ambaye lingemzuia, kwa sababu halitaki ujue siri yoyote. Linataka subira tu, na subira mwizi anayo.

Wenzake ni wale vigae 15 vya kutelezesha ndani ya fremu, ambavyo Wamarekani walivishabikia kupita kiasi mwaka 1880, na ambavyo nusu ya mipangilio yake haiwezekani kabisa kupangika, ukae navyo siku moja au mwaka. Kuna na zile taa ambazo ukiigusa moja, jirani zake nazo zinawaka au kuzimika. Hizo ziliuzwa kama mchezo wa mkononi, Lights Out, mwaka 1995. Mafumbo haya matatu yanahamishwa kutoka gemu hadi gemu yakibadilishwa nguo. Leo vigae vina picha ya malaika, kesho ya popo. Ukiyafumbua katika jumba la Uskochi umeyafumbua katika meli ya maharamia pia, na hapo safari nzima inakosa maana, kwa sababu mahali hapajakufundisha chochote.

Sasa tuiache kompyuta kidogo tumtazame Fumo Liyongo, shujaa mshairi wa kale. Visa vyake hapa kwetu mtoto huvisikia kabla hajajua kusoma. Amefungwa Pate, ametiwa minyororo, na askari wako mlangoni. Mama yake humletea chakula kwa mkono wa kijakazi wake Saada, na kila kinapokuja kitu kizuri askari wanakila wao, wakamwachia mfungwa wishwa. Liyongo anampa Saada ujumbe wa wimbo aupeleke kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na katikati yake atie tupa, chombo cha kukerezea chuma. Mkate unaletwa. Askari wanauangalia, wanaona ni makapi, wanamwachia. Kisha anapoambiwa kwamba siku zake zimekwisha na aombe la mwisho, anaomba ngoma ya gungu ipigwe. Ngoma, pembe na matuazi vinapovuma, tupa inafanya kazi yake na hakuna anayeisikia.

Msome Liyongo kama mtu anayetengeneza gemu. Vitu vilivyotumika ni vitatu tu: wishwa, tupa na kelele. Hakuna hata kimoja kilichodondoka kutoka mbinguni. Uroho wa askari tumeoneshwa mapema, na uroho huo ndio ufunguo wa kwanza. Mchezaji mwenye macho angeweza kuufikiria mkate ule yeye mwenyewe kabla Liyongo hajauimba. Kelele ya ngoma inatatua tatizo ambalo tupa yenyewe imelileta, maana chuma kikikereza chuma kinalia. Jibu la kwanza linazaa swali la pili, na swali la pili linajibiwa na utamaduni wa watu wale wale waliomfunga. Ukiniuliza ninataka nini kutoka kwa watengenezaji wa gemu hizi, wawe wa Seattle, Marekani, au wa Poland, ninataka hicho.

Wako waliokifanya. Mwaka 1993 ndugu wawili wa Kimarekani, Rand na Robyn Miller, pamoja na kampuni yao Cyan, walitoa Myst. Gemu hiyo iliongoza kwa mauzo katika kompyuta mpaka gemu nyingine, The Sims, ilipoipita mwaka 2002, na ndani yake hakuna vita, hakuna saa inayokuhesabia. Unajikuta kisiwani peke yako. Gatini kuna meli iliyozama. Katika jengo la kutazamia nyota unaingiza tarehe ulizozipata kwa maandishi, unaona makundi ya nyota ya siku hizo, unaenda maktaba kuyalinganisha na michoro ya kitabuni, kisha unagusa alama zake kwenye nguzo zilizozunguka kidimbwi chenye meli ya mfano. Meli ya mfano inaibuka, na ile ya kweli gatini inaibuka nayo. Na ukiuliza nani alilifunga, jibu lipo: Atrus, mwenye kisiwa, aliyeficha vitabu alivyobakiwa navyo kwa kuogopa maana vingine vimekwisha kuchomwa. Kwa mtu aliyelelewa kati ya manahodha waliosafiri kwa nyota, fumbo lile halihitaji kutetewa. (Njia za chini kwa chini za ulimwengu wa Selenitic, ndani ya gemu hiyo hiyo, zinachosha sana, na sitazitetea.)

Lakini gemu hizi, kwa umbo wanalolijua wengi leo, zilikuzwa na Big Fish Games, kampuni iliyoanzishwa na Paul Thelen huko Seattle mwaka 2002. Mwaka 2005 ilitoa Mystery Case Files: Huntsville, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta vitu vilivyofichwa ndani ya picha iliyojaa kila kitu. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst, na mwaka 2008 Return to Ravenhearst, ambayo ndiyo iliyogeuza mambo: sasa unatembea ndani ya jumba, unaokota chombo chumba hiki na kukitumia chumba kile. Studio nyingi zikafuata njia hiyo, Elephant Games ya Urusi, Eipix ya Serbia, Artifex Mundi ya Poland. Biashara yake nayo ilikuwa ya haki. Ulipewa saa moja ya kucheza bure, ukipenda unanunua mara moja, gemu ni yako.

Tatizo ni kwamba ile picha iliyojaa kila kitu haikuondoka. Unaambiwa utafute vitu kumi na mbili katika rundo, upate kimoja tu cha kukusaidia. Kwa nini rundo? Nani aliishi katika chumba chenye saksafoni, kaa, ngazi, kinyago na herufi kubwa ya alfabeti imeegemezwa ukutani? Halafu kuna orodha yenyewe, ambayo ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha dari za nyumba za baridi: viatu vya kuteleza kwenye barafu, vyuma vya kuchochea moto wa sebuleni, kofia na brashi za kazi ambazo pwani hii haikuwahi kuwa nazo. Mchezaji wa Malindi mwenye macho makali kama ya mwewe anashindwa na mwenzake wa Ohio, si kwa kutoona, bali kwa kutolijua jina la kitu anachokitazama. Gemu inayodai kupima jicho inapima kamusi.

Ndiyo maana naiheshimu sana Machinarium, iliyotolewa mwaka 2009 na Amanita Design ya Jamhuri ya Cheki. Mazungumzo yake hayana maneno. Roboti mdogo anafikiri kwa picha, na wanaozungumza naye wanajibu kwa picha zinazocheza ndani ya kiputo juu ya vichwa vyao. Mtoto wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, ambaye Kiingereza bado kinamchenga anaanza sawa na mtu wa Prague. Tena roboti hufikia tu kilicho karibu naye. Akitaka cha juu lazima ajirefushe, akitaka cha chini ajifupishe. Huwezi kubofya ovyo kila pembe ya skrini ukitumaini bahati. Mwili wake ni sehemu ya fumbo, na hilo ni wazo ambalo gemu nyingi zenye bajeti kubwa zaidi hazijaliokota.

Hapo nafika kwenye kidokezo, jambo ambalo wachezaji hubishana juu yake kuliko jambo jingine lolote. Karibu kila gemu ya aina hii ina kitufe cha kidokezo, ambacho ukikitumia kinataka muda kujijaza tena, na kitufe cha kuliruka fumbo lote. Wapo wanaosema vitufe hivi ni vya wavivu. Sikubaliani nao. Jadi yetu ilikwisha kulimaliza shauri hili zamani sana. Mtu akitega kitendawili na nyinyi mkashindwa, anadai mji. Mnampa mji, anasimulia alikotembea na alichokula huko, kisha anatoa jibu. Kushindwa kunaruhusiwa. Jibu linatolewa. Lakini lina bei, na bei yenyewe ni sehemu ya burudani. Anayelipa na anayelipwa wote wanacheka. Kidokezo kizuri ni kile chenye mji wake. Machinarium inayo: kitabu cha majibu kimefungwa, na kukifungua lazima ucheze mchezo mdogo wa kuongoza ufunguo katikati ya wadudu. Unalipa kwa jasho kidogo ndani ya ulimwengu ule ule.

Kitufe cha kuruka ni jambo jingine. Sikilaumu, nakisoma kama kipimo. Hakuna mtu ambaye angetaka kuuruka mkate wa Liyongo, kwa sababu ukiuruka umeruka kisa chenyewe. Mnara wa Hanoi unarukwa kila siku na kisa hakipungukiwi na kitu. Mtengenezaji angeondoa mafumbo yote ambayo kisa chake kinasimama bila hayo, gemu ya saa sita ingebaki ya saa mbili unusu. Saa mbili unusu hizo ningezilipia bei ile ile bila kunung'unika.

Kuna mlango mbaya kuliko wa chumba cha maiti, nao uko kwenye simu. Gemu za visa na mafumbo sasa nyingi hutolewa bure, na ndani yake kuna kitu wanachokiita nishati. Kila chumba unachoingia kinakula nishati. Ikiisha, unasubiri saa kadhaa au unalipa. Hapa nauliza tena swali langu: nani aliufunga mlango huu, na kwa nini? Jibu halimo ndani ya kisa. Aliufunga mwenye kampuni, ili ulipe. Werevu wako hauwezi kuufungua hata ungekuwa na akili za Liyongo, na hapo ndipo mchezo unapogeuka kitu kingine.

Tazama pesa zilipokuwa. Big Fish hiyo hiyo iliyotupa Ravenhearst ilikuwa pia na gemu ya kasino. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Churchill Downs, kampuni ya mbio za farasi, na mwaka 2018 ikauzwa kwa Aristocrat ya Australia, watengenezaji wa mashine za kamari, kwa dola milioni 990. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba vibonge vya kuchezea, yaani sarafu za bandia, ndani ya Big Fish Casino ni kitu chenye thamani kwa sheria ya jimbo la Washington, na kwa hivyo kuvipoteza kunaangukia katika sheria ya kamari. Mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 155. Anayeuza fumbo kwa bei moja anapata faida ukifurahi ukarudi kununua la pili. Anayeuza nishati anapata faida ukikwama. Hawa wawili hawawezi kutengeneza mlango wa aina moja. Na sisi tunaoishi na vijana wanaoteketeza pesa za karo kwa kamari za simu tuna sababu ya kuwaambia wadogo zetu wazi wazi kwamba gemu ya bure yenye nishati iko karibu na kibanda cha kamari kuliko baraza la vitendawili.

Sasa niseme la nyumbani. Majumba ya kale ya gemu hizi karibu yote ni ya Ulaya: kasri, theluji, kengele ya kanisa, shangazi aliyekufa kwa ajabu. Sina ubaya nayo. Lakini Mji wa Kale wa Lamu uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba zake za mawe zilijengwa na watu waliofikiria sana nani aone nini na nani asione. Unaanzia dakani, anakokaa mgeni. Ukivuka mlango, njia inapinda, kusudi mpita njia asiweze kutazama ndani. Kinafuata kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu nyembamba, halafu chumba kiitwacho ndani, kila chumba kikiwa cha siri zaidi kuliko kilichotangulia, mpaka ukuta wa zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizonakshiwa kwa chokaa. Juu ya vichochoro kuna wikio, kivuko cha kuunganisha nyumba mbili, ambacho wanawake walikitumia kutembeleana bila kukanyaga njia. Mpangilio wa gemu umekwisha chorwa. Hahitajiki mtu wa kubuni sababu za kufunga milango. Sababu zilikuwepo kabla ya milango.

Chukua birika la chooni. Wazee waliweka visamaki ndani yake vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa wakajenga bakuli la kaure kwenye sakafu, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Mwizi hatakausha birika la watu. Litamchukua muda na atasikika. Basi bibi mwenye nyumba aliyetaka kuficha ufunguo wa kasha usionekane na mkwe wake angeuficha wapi? Mchezaji anayejiuliza kwa nini bakuli zuri vile limezamishwa pasipoonekana anastahili kuupata ufunguo. Na yule asiyejiuliza akiona samaki wamejikusanya mahali pamoja birika linapopwa, amepewa nafasi ya pili bila kitufe chochote.

Au chukua barua isiyo na saa, yenye tarehe tu: mwezi kumi na tano Rajabu, tukutane Takwa. Magofu ya Takwa yako kisiwa cha Manda, na mashua huyafikia kwa kupita kwenye mikoko maji yakijaa. Mwezi kumi na tano ni mwezi mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Mvuvi wa Shela akiisoma barua hiyo anajua mwandishi alikuwa na chombo kikubwa na alitaka maji mengi. Mchezaji wa Nairobi hajui, lakini anaweza kuwa amemsikia mzee barazani Mkunguni, sura moja nyuma, akilalamika juu ya bamvua lililomwingilia dukani usiku mwezi ulipokuwa umejaa. Ushahidi umetolewa mapema, umetolewa kwa haki, na hakuna tafsiri ya Kiingereza inayoweza kukuandikia fumbo hilo kama hukukaa hapa.

Vyombo vya kutengenezea vipo na ni vya bure. Adventure Game Studio, iliyoanzishwa na Mwingereza Chris Jones mwishoni mwa miaka ya 1990, imetengenezwa mahsusi kwa gemu za kubofya na kuokota. Godot iko wazi kwa yeyote tangu 2014 na inatoa gemu za kompyuta na za simu. Kijana anayejua kuchora na mwenzake anayejua kuandika programu wanaweza kuanza na nyumba moja, vyumba sita, mafumbo manne. Waombe ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kupiga picha zidaka zake. Mazungumzo yarekodiwe kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na watu wa hapa wenyewe. Maandishi yawe ya Kiswahili cha wote, ili mtu wa Tabora au Goma asome bila shida. Iuzwe kwa bei moja, ilipwe kwa M-Pesa, na saa ya kwanza iwe bure.